Wasifu wa Kamishna wa Saba

Pwa. Pwa. Pwa.

Hiyo ndiyo sauti iliyomjia Mama Wasifu alipofungua bahasha ya kamishna mpya, ingawa chumbani mwake hapakuwa na kilicholia isipokuwa feni. Ilikuwa sauti ya soli ya kiatu cha kulia, iliyobanduka kwa mbele na kupiga lami kila hatua, miaka thelathini na minne iliyopita. Mwenye kiatu alikuwa kijana mrefu, mwembamba, jina lake la utani Mlingoti. Aliifunga soli ile kwa waya, waya ukakatika. Akaifunga kwa ukanda wa tairi, ukanda ukalegea. Mama Wasifu, wakati huo msichana wa miaka ishirini na mitatu aliyetembea kando yake, alikuwa akicheka mpaka anajishika mbavu.

"Usicheke," kijana alimwambia. "Kiatu hiki kinanipigia hodi kabla sijafika."

Sasa Mlingoti alikuwa ndani ya bahasha. Picha yake ilionyesha mwanamume aliyejaa mashavu, mvi zimemvamia kuanzia masikioni, tai imefungwa barabara. Alikuwa ameteuliwa kuwa kamishna wa saba wa tume, upande wa bima. Na kama desturi, kabla jina lake halijaingia kwenye taarifa ya mwaka, lilipaswa kupita mikononi mwa mama huyu mwenye miwani ya kamba, aliyebakiza miezi minane astaafu.

Tume yenyewe kazi yake ni kusimamia mabenki, kampuni za bima na vyama vya akiba, ili fedha za wananchi zisigeuke moshi. Makamishna huja na kuondoka. Mama Wasifu hakuondoka. Aliingia akiwa mpiga taipu, na kwa miaka ishirini na sita kazi yake kubwa ilikuwa moja: kuandika nani ni nani. Aliwajua makamishna wote kwa ufupi wa maneno mia moja na ishirini, maana ndivyo kanuni ilivyotaka, si zaidi. Jaji mstaafu. Mkaguzi wa hesabu. Mhadhiri wa uchumi. Meneja wa zamani wa benki. Ukimwamsha ghafla angekutajia nani alisomea wapi na aliongoza idara gani, bila kupepesa macho.

Jambo moja lilimshangaza, hata baada ya miaka yote hiyo. Kwenye karatasi, maisha ya wakubwa hawa yalianzia kwenye kiti cha ofisini. Hakuna aliyeanza amesimama. Jaji aliwahi kumwomba aandike kwamba ujanani alikuwa refa wa mpira, na kwamba filimbi ndiyo iliyomfundisha kuamua bila kuogopa kelele. Yule mkaguzi wa hesabu, mama mkali kama pilipili kichaa, alisema kwa haya kwamba alilelewa kwenye kibanda cha baba yake cha kutengeneza redio, na alijua kuunganisha waya kabla ya kujua kujumlisha. Mama Wasifu aliyafuta yote mawili. Nafasi haikutosha. Mpaka leo filimbi ile na redio zile zilimkera rohoni kama kibanzi kwenye kidole.

Alikuwa na desturi yake pia, iliyotokana na aibu. Mwaka wake wa pili kazini aliandika kwamba kamishna fulani ana uzoefu wa miaka thelathini katika benki, na kamishna mwenyewe alikuwa na umri wa miaka thelathini na minane. Mwandishi mmoja wa habari alisimama mbele ya watu akauliza kama mheshimiwa alikuwa akikopesha watu tangu darasa la pili. Ukumbi mzima ulivunjika kwa kicheko. Tangu siku hiyo, kila kamishna aliitwa chumbani kwa Mama Wasifu, akasomewa wasifu wake kwa sauti, mwanzo hadi mwisho, kisha akatia sahihi. Wengine walinung'unika, lakini wakizoea walipenda. Si kila siku mtu anasomewa maisha yake na mtu mwingine.

Basi akaisoma fomu ya Mlingoti. Cheti cha biashara, mwaka fulani. Kisha shahada ya bima, ng'ambo, kuanzia miaka miwili baadaye. Kisha vyeo, kimoja baada ya kingine kama ngazi. Kati ya cheti na shahada hapakuandikwa kitu. Miaka miwili, nafasi nyeupe.

Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Nafasi ilikuwa bado nyeupe.

Ndani ya weupe ule yeye alikuwemo mzima. Walikuwa mawakala wa kampuni ya bima ya mazishi, ofisi yake chumba kimoja juu ya duka la rangi. Kila asubuhi walipewa kadi za njano, wakagawiwa mtaa, wakatoka wawili wawili. Bosi wao aliamini kwamba mwanamume peke yake anatisha na mwanamke peke yake anatongozwa. Walikwenda nyumba kwa nyumba. Msichana alikariri maneno ya kampuni yote, na aliyatiririsha bila kupumua, ndiyo maana Mlingoti alimwita Kasuku. Naye Mlingoti alikuwa na kipaji cha kukaa kimya mpaka mwenye nyumba amwonee huruma na kumletea kigoda. Waliuza kadi nyingi. Walipigwa na jua, walinyeshewa, walifukuzwa na mbwa wa kila rangi. Mchana waligawana mkate mmoja chini ya ukuta wa shule, Kasuku akila upande laini, mwenzake ganda. Hawakuwahi kuambizana neno la mapenzi. Neno lilikuwa njiani. Walidhani barabara ni ndefu.

Kisha Jumatatu moja wakakuta mlango una mnyororo. Wenye kampuni wametoweka, na serikali imebandika karatasi. Kwenye ngazi alisimama mama mmoja mshona mito, kadi yake ya njano mkononi, mumewe amelazwa mochwari siku ya pili. Aliwatambua. Hakupiga kelele wala hakutukana. Alisema tu, "Wanangu, si mlikunywa chai yangu?"

Siku tatu walizunguka mtaa ule ule, milango ile ile, safari hii wakiomba mchango wa kumzika mume wa mshona mito. Wakampatia sanda na gari. Siku ya nne Mlingoti alipata barua ya ufadhili wa masomo. Aliondoka. Aliandika mara mbili, barua ya kwanza ndefu, ya pili fupi, na ya tatu haikuandikwa.

Mama Wasifu aliolewa na fundi wa majokofu, mtu mwema asiye na makuu. Walizaa binti mmoja, wakajenga, wakazeeka vizuri mpaka fundi alipofariki, sasa ni mwaka wa sita. Hakuwahi kumsimulia mumewe miaka ile miwili. Wema wa mume ndio uliomfunga mdomo: angeanzaje kumwambia mtu aliyempa kila kitu kwamba kuna siku, njaa tupu na soli ikipiga lami, ambazo hazikupata mfano tena? Picha hazikuwepo. Makaratasi ya kampuni yalichukuliwa na kupotea. Duka la rangi lilivunjwa, pakajengwa kituo cha mafuta. Yeye, aliyekula mshahara kwa kuthibitisha kwa karatasi watu walikuwa wapi na walifanya nini, hakuwa na hata kipande cha kuthibitisha kwamba aliwahi kuwa Kasuku. Shahidi alibaki mmoja, na shahidi ameacha nafasi nyeupe.

Hilo tu ndilo alilolitaka sasa. Hakumtaka Mlingoti, maskini. Mlingoti ana mke na wajukuu. Alitaka miaka ile iandikwe.

Asubuhi iliyofuata, binti yake, ambaye ni muuguzi na alikuwa ndiyo kwanza anatoka zamu, alimkuta mezani na karatasi ile ile aliyoichukua kutoka kazini.

"Mama, huyo mtu mbona unampiga pasi kama shati la harusi? Tangu jana."

"Ana pengo."

"La meno?"

"Acha upuuzi. Miaka miwili haionekani."

"Si umuulize? Kazi yako hiyo." Binti alimtazama mama yake kwa lile jicho la wauguzi, linalopima joto bila kipimo. "Au unamjua?"

"Kunywa chai ulale, mwanangu."

"Haya. Ukikataa kujibu najua nimegusa kidonda."

Kumuuliza kweli ilikuwa kazi yake. Tume ilikuwa na kanuni ambayo watu wa nje waliicheka: wasifu wa kamishna hauruhusiwi kuwa na pengo la zaidi ya miezi sita bila maelezo. Sababu yake ilikuwa ya haki. Anayetaka kuongoza benki au kampuni ya bima hulazimishwa na tume kueleza kila mwaka wa maisha yake ya kazi. Atakayemhoji hawezi kuwa na matundu yake mwenyewe. Katibu wa tume, mwanamama aliyekuwa mdogo kwa Mama Wasifu kwa miaka ishirini na mwenye haraka ya kuku mwenye vifaranga, aliichukulia kanuni hiyo kwa wepesi.

"Dada, andika 'alikuwa akitafuta kazi' tumalize. Nani hajawahi kutafuta kazi? Kesho saa sita mchana rasimu inakwenda kwa mpiga chapa."

"Nitamsomea kwanza."

"Msomee, lakini usimkalishe. Mheshimiwa ana vikao kama mchwa."

Kamishna alikuja saa tisa alasiri. Mlango ulikuwa wazi, lakini aliinama kidogo alipopita, tabia ya watu warefu waliokwisha kugonga vichwa vingi. Viatu vyake vilikuwa vyeusi, vizima, havikutoa sauti yoyote.

"Shikamoo mama," alisema kwa mzaha wa wakubwa wanaojishusha. "Nasikia wewe ndiye unayetutengeneza hapa."

Walikuwa rika moja, yeye amezidiwa na Mlingoti mwaka mmoja tu. Shikamoo ile ilimchoma mahali asipopajua.

"Marahaba, mheshimiwa. Karibu ukae."

Alikaa. Hakumtambua. Na angemtambuaje? Msichana wa mbavu za kucheka alikuwa amefunikwa na mwili wa mama mtu mzima, miwani, kitambaa cha kichwa, na mezani kibao chenye jina la ndoa. Mama Wasifu alijikaza kisabuni, akashika karatasi, akasoma. Alisoma cheti, akasoma shahada, akasoma ngazi zote mpaka juu. Mgeni alitikisa kichwa kwa kuridhika kama mtu anayetazama nyumba yake ikipakwa rangi.

"Umeandika vizuri sana. Nitie sahihi wapi?"

"Bado, mheshimiwa. Kuna miaka miwili hapa, kati ya cheti na shahada. Kanuni inadai."

"Ah, hiyo." Alipunga mkono. "Andika nilikuwa nikitafuta kazi."

Alichukua kalamu. Aliandika "alikuwa", kalamu ikasimama.

"Siwezi kuandika hivyo."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu hukuwa ukitafuta kazi. Ulikuwa nayo."

Feni ilizunguka. Kamishna alimtazama kwa mara ya kwanza tangu aingie. Kabla ya hapo alikuwa akimtazama ofisa. Alitazama macho, akatazama mikono, akarudi kwenye macho. Kisha akavua miwani yake, taratibu.

"Kasuku?"

"Abee."

"Wallahi ni wewe!" Alicheka, na kicheko kilikuwa kile kile, chembamba kuliko kifua kilichokitoa. "Na umeniacha nikuamkie shikamoo!"

"Heshima si utumwa. Niliipokea."

"Mbona hukusema, jamani? Umenisomea kama hakimu."

"Aliyeondoka ndiye hubisha hodi," alijibu, na alipokwisha kusema alijuta, maana kicheko cha mwenzake kilikatika.

Nje mtu alisukuma kitoroli cha mafaili, gurudumu likilia. Mlingoti alikunja na kukunjua miwani.

"Hukuiruka miaka ile kwa kusahau," alisema Mama Wasifu polepole. "Uliacha makusudi."

"Niliacha makusudi." Aliinua kichwa. "Hebu fikiri, Kasuku. Mimi ndiye nitakayesimamia bima. Likitoka hilo, magazeti yataandika nini? Kwamba msimamizi wa bima alikuwa mchuuzi wa bima iliyokimbia na pesa za wafiwa."

"Wataandika hivyo hivyo."

"Na watakuwa na haki."

"Watakuwa na haki nusu. Nusu nyingine hawaijui."

Mlingoti alivaa tena miwani. "Yule mama mshona mito," alisema. "Unamkumbuka?"

"Kila nikilaza kichwa."

"Sijamsimulia mtu. Hata mke wangu. Nimeongoza kampuni tatu, na kila nikitia sahihi mkataba nasikia, 'si mlikunywa chai yangu?' Hicho ndicho kilichonisomesha, si ule ufadhili. Lakini hakiandikiki."

Mama Wasifu alihisi vitu viwili kwa pamoja, kimoja kitamu, kimoja kichungu. Kumbe hakusahau. Kumbe miaka ile aliibeba popote alipokwenda. Lakini aliibeba kama mtu anavyobeba kosa, na ndani ya kosa lile, bila jina, alikuwemo yeye, na mkate, na ukuta wa shule. Alitamani kumuuliza: na mimi je? Badala yake alinyoosha kingo za karatasi.

"Sasa unataka niandike nini?" aliuliza Mlingoti.

"Mimi sitaki kitu. Kanuni ndiyo inayotaka."

Huo ulikuwa uongo pekee aliousema siku ile, na aliusema akimtazama machoni.

Mlingoti aliichukua karatasi bila kutia sahihi. "Nipe mpaka kesho saa nne." Mlangoni aligeuka, akawa kama anataka kuongeza neno. Akainama, akapita.

Kesho yake saa nne ilifika, haikuja karatasi. Saa nne na nusu Katibu aliingia.

"Dada, bado? Ya kale hayanuki. Weka 'akitafuta kazi' twende."

"Ngoja."

"Mpiga chapa hangoji."

"Mpiga chapa tunamlipa, atangoja. Aliyesema atakuja, tumngoje."

"Asiyekuwapo na lake halipo!" Katibu alitoka akicheka, lakini Mama Wasifu alibaki na methali ile. Alikaa mikono juu ya meza. Alifikiri: nikiandika alikuwa akitafuta kazi, itakuwa imekwisha. Itachapwa nakala elfu mbili, itawekwa maktaba, na miaka ile miwili itakuwa haikuwepo kwa ushahidi wa mkono wangu mwenyewe. Alisikia kila kiatu kilichopita ukumbini. Vyote vilikwenda kwingine.

Saa tano na dakika kumi dereva wa kamishna alileta bahasha.

Ndani mlikuwa na karatasi ile ile, chini imetiwa sahihi. Pale penye pengo palikuwa na mwandiko wa wino wa bluu, ule mwandiko wa kulalia kushoto alioujua kutoka kwenye barua mbili: "Alianza kazi akiwa wakala wa bima ya mazishi, akitembea nyumba kwa nyumba kwa miaka miwili, katika kampuni ambayo baadaye ilifungwa kwa kushindwa kuwalipa wafiwa."

Alisoma mara tatu. Kisha akaigeuza karatasi kutazama nyuma. Hapakuwa na kitu. Akaichukua bahasha, akaitikisa, akaingiza vidole mpaka kwenye pembe. Mlikuwa mtupu. Alijionea haya, mtu mzima kukwangua bahasha, akaiweka chini na kuanza kazi. Maneno yalikuwa yamezidi mia moja na ishirini; kwa hiyo alifuta tuzo moja ya heshima na uanachama wa vyama viwili. Mkono wake haukusita hata kidogo.

Katibu alikuja kwa ajili ya usomaji wa mwisho. Hivyo ndivyo walivyofanya kila mwaka: mmoja anasoma rasimu kwa sauti, mwenzake anafuata nakala kwa kalamu, ili macho ya mmoja yasimdanganye. Safari hii Katibu alisoma. Alipita jaji, akapita mkaguzi, akapita mhadhiri, kasi kama treni isiyosimama vituo vidogo. Alipofika kwa wa saba alipunguza.

"Heh! Huyu ana wazimu? Amejianika mwenyewe juani. Umemfanyaje?"

"Nimemuuliza tu."

"Basi ni muungwana. Mimi nisingethubutu." Katibu akaurudia mstari ule kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuonja. "Akitembea nyumba kwa nyumba kwa miaka miwili. Sawasawa hapo?"

Ncha ya kalamu ilikuwa imesimama chini ya neno la kwanza, akitembea. Mama Wasifu aliliangalia. Lilikuwa neno sahihi. Wasifu ni wa mtu mmoja. Ndivyo yeye mwenyewe alivyoandika kwa miaka ishirini na sita, na hakuna kanuni iliyovunjwa.

"Sawasawa," alisema, akapiga alama yake pembeni.

Katibu alikwisha kuendelea, shahada, ng'ambo, cheo cha kwanza, cheo cha pili. Mama Wasifu alizifuata herufi kwa kalamu, asiache hata moja, na midomo yake ilitikisika kidogo, kwa sauti ambayo feni ilitosha kuifunika:

"Tulikuwa wawili."